Mheshimiwa Waziri, baskeli zetu zipite wapi?

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya barabara,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, Wilaya ya Wete, Kaskazini Pemba. Napanda baskeli tangu nikiwa darasa la tano, na mpaka leo ndiyo inayonipeleka kazini na kunirejesha nyumbani. Ni Phoenix nyeusi ya marehemu baba. Fremu ni ile ile, vyengine vyote vishabadilishwa. Nakuandikia juu ya kipande kidogo cha ardhi kilichoko pembeni mwa lami, kile ambacho mafundi wanakiita bega la barabara, kwa sababu hapo ndipo mimi na wenzangu wengi tunapotakiwa tupite, na mara nyingi hapapitiki.

Kwanza nishukuru, maana asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Sisi tuliokulia Pemba ya njia za udongo tunajua tulikotoka. Masika yakiingia, vilima vilikuwa tope jekundu, gari ya abiria inalala njiani na mgonjwa anabebwa na wanaume wanne juu ya kitanda mpaka barabara kuu. Kati ya 2008 na 2013, kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia (MCC) la Marekani, tukajengewa barabara tano za vijijini, jumla yake kama kilomita 35: Bahanasa–Daya–Mtambwe, Mzambarauni Takao–Pandani–Finya, Mzambarauni Karim–Mapofu, Chwale–Kojani na Kipangani–Kangagani. Serikali nayo ikaendelea na nyengine, Ole–Kengeja ikiwamo. Mama mjamzito wa leo hapitii waliyopitia mama zetu. Sina hata moja ninalolipinga katika hayo. Barabara ninayopita mimi siitaji kwa jina, kwa sababu sitaki ionekane kwamba naililia moja. Ninayoyasema yanamkuta mwendesha baskeli wa Micheweni kama yanavyomkuta wa Mkoani, na naamini hata wa Makunduchi na Nungwi anayajua.

Zamani, njia ilipokuwa ya udongo, hakuna aliyekwenda mbio kwa sababu mbio zenyewe haziwezekani. Gari ilikuwa ikikwepa mashimo kama tunavyoyakwepa sisi. Gari ya ng'ombe, mtu wa baskeli, mtoto anayetoka chuoni na juzuu yake kifuani, wote walikuwa na mwendo unaokaribiana, na dereva alipata nafasi ya kukutolea salamu kwa jina lako. Lami ilipokuja, upana ukabaki wa gari mbili kupishana, lakini mwendo ukawa mwengine kabisa. Ukiitazama barabara yenyewe unaona kwamba aliyeichora aliziwaza gari mbili zinazokutana. Baskeli iliyoko baina yao hakuiwaza.

Nikueleze lililonifika.

Ilikuwa Ramadhani, mwaka juzi, kiasi cha saa kumi na moja na nusu za jioni. Unaijua saa ile, Mheshimiwa. Kila aliyeshika usukani anakimbilia futari. Nilikuwa natoka sokoni, kwenye keria nimefunga mihogo na mkungu mdogo wa ndizi, na mfuko wa tende nimeutundika mbele. Mbele yangu inakuja gari ya abiria. Nyuma yangu nikasikia honi ya gari ya mzigo, ndefu, haikatiki. Honi ile kwetu ina maana moja tu: toka. Nikatoka. Gurudumu la mbele likashuka kutoka kwenye lami, likaingia kwenye kifusi. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu asiyepanda baskeli hakijui kinachofuata.

Ukingo wa lami pahala pale umekatika kama ngazi. Nilipopata nafuu nilikwenda kuupima kwa rula ya darasani, nikakuta sentimita 14. Tairi ikishakuwa chini, kifusi kinateleza, na mbele yako kuna mtaro, kwa hiyo unataka kurudi juu haraka. Unageuza usukani kuelekea lami. Tairi inaugusa ukingo ubavu kwa ubavu, haipandi, inasugua tu. Mikono inageuza, gurudumu linakataa, na mwili ushatangulia kuinama kule unakotaka kwenda. Watu wanadhani mwendesha baskeli aliyetoka barabarani huangukia kichakani. Siyo. Anaangukia juu ya lami, mbele ya chombo kinachofuata.

Kilichofuata kilikuwa bodaboda ya kijana wa kijiji cha pili, akawahi kunikwepa. Ile ya mzigo haikusimama, na sidhani kama dereva alijua lililotokea nyuma yake. Nilivunjika mtulinga wa kulia. Kwa wiki sita sikuweza kunyanyua mkono kuandika ubaoni, nikawa nasoma kwa sauti na mtoto mmoja wa darasa la sita ananiandikia. Alhamdulillahi, mfupa umeunga. Ukingo bado uko vile vile, na masika mawili yamepita juu yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwatazama wenzangu wanaopita, na naona wazi kwamba wanaofikiri baskeli ni chombo cha watoto cha kuchezea hawajakaa Pemba alfajiri. Mtazame mchuuzi wa samaki. Anatoka diko, pale pwani wavuvi wanaposhusha samaki, kabla jua halijapanda, tenga limefunikwa majani ya mgomba, maji ya samaki yanachuruzika juu ya madigadi. Anapiga honi yake ya mpira kijiji baada ya kijiji, kinamama wanatoka na sahani. Barafu hana. Saa yake ni jua, na kila dakika anayosimama pembeni kusubiri gari zipite, samaki wake wanalegea. Tunazungumza sana juu ya Uchumi wa Buluu, yaani uchumi wa bahari, na ni jambo la kheri. Basi tujue kwamba kwa vijiji vingi vya Pemba samaki huyo safari yake ya mwisho, kutoka diko mpaka chunguni, anasafiri juu ya keria.

Yuko muuza mkate na sanduku lake. Yuko anayekata majani ya ng'ombe, mzigo umemzidi upana mara mbili, huoni mtu, unaona majani yanatembea. Msimu wa karafuu ukifika, magunia ya karafuu mbichi yanatoka mashambani kwa baskeli kwenda kuanikwa majamvini. Fundi mwashi anakwenda kazini na msumeno na pima maji vimefungwa kwenye bomba la fremu. Hawa hawana bei ya petroli ya kuwatia wasiwasi kila mwezi inapotangazwa upya, na hawamwombi mtu kitu ila pahala pa kupita.

Wapo na watoto. Mzazi mmoja jirani yangu alimnunulia binti yake baskeli ya mtumba alipofaulu kwenda sekondari. Skuli iko mbali, kwa miguu ni zaidi ya saa nzima. Mtoto alifurahi, akaisugua rimu kwa mchanga mpaka ikang'ara. Wiki ya tatu mzazi akaitia ndani na kufunga mlango, baada ya kusikia kwamba gari ya mchanga imempitia binti karibu mpaka upepo wake ukamtia mtaroni. Upepo huo una namna mbili, Mheshimiwa: kwanza unakusukuma nje, kisha gari ikishapita unakuvuta ndani. Mtoto wa kilo arubaini hawezi kushindana nao. Sasa binti anatembea, anafika skuli somo la kwanza linaendelea, na baskeli imesimama ukumbini imefunikwa kanga. Mzazi yule simlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vile vile.

Pemba ina jambo lake jengine ambalo michoro ya sehemu tambarare hailijui. Kwetu ni kilima, bonde la mpunga, kilima tena. Mtu aliyepakia mzigo hapandi kilima kwa pedeli. Anashuka na kuikokota baskeli, yeye huku na baskeli huku, tenga limechomoza pande zote mbili. Wakitembea hivyo wanataka zaidi ya mita moja ya upana. Kwa hiyo kwenye mpando ndipo mtu anapohitaji nafasi kubwa kuliko popote, na ndipo hapo hapo barabara inapobana zaidi. Kilima kimekatwa, ukuta wa udongo umesimama pembeni, na chini yake mtaro wa zege ulio wazi umegusana na lami. Anayekokota hana pa kuweka mguu. Anatembea ndani ya njia ya gari, mgongo wake umeelekea gari zinazotoka nyuma, na dereva anayepanda kwa kasi huenda asimwone mpaka awe karibu naye kabisa. Kuna kilima kimoja ambacho mimi kila nikikifika husoma dua, nikiwa mtu mzima na mvi zangu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani zinaua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni wenda kwa miguu, wapanda baskeli na wapanda pikipiki. Shirika hilo linasema pia kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inaongezeka kwa asilimia 4. Na mtu wa miguu akigongwa na gari iliyo katika mwendo wa kilomita 65 kwa saa, hatari yake ya kufa ni mara nne na nusu ya yule aliyegongwa kwa kilomita 50. Nilipowasomesha watoto hesabu hii ya asilimia, mmoja akaniuliza: "Mwalimu, sasa mbona mbele ya skuli yetu hawapunguzi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Wengine wananiambia njia za baskeli ni mambo ya Ulaya, ya watu walioshiba. Uholanzi wanayoitolea mfano haikuzaliwa nazo. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani katika nchi ile, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi walitoka nje, wakakaa njiani wakasema basi. Barabara zikaanza kuchorwa upya baada ya hapo. Karibu na sisi, Dar es Salaam ilipojenga njia ya mabasi ya mwendokasi iliyoanza kazi mwaka 2016, ilitenga pahala pa wenda kwa miguu na baskeli pembeni yake. Hata hivyo siombi ya Uholanzi wala ya Dar es Salaam. Naomba bega.

Barabara yoyote mpya ya kijijini, au ya zamani inayofumuliwa, nakuomba usiiwekee saini mpaka uone kwenye mchoro bega la mita moja na nusu kila upande, limetiwa lami au limeshindiliwa sawasawa na lami, bila ya ngazi. Fedha zikiwa hazitoshi pande zote mbili, basi penye kilima anza na upande wa kupandia, kwa sababu anayeshuka anakwenda na gari, anayepanda anakokota. Mitaro ya zege iliyobanana na lami ifunikwe kwa mifuniko ya zege. Mtaro uliofunikwa vizuri maji yanapita chini na mtu anapita juu, na hapo umepata njia bila ya kukata kilima upya. Matuta na rasta, vile vituta vidogo vya kupunguza mwendo, tunayahitaji sana mbele ya skuli, ila yaachiwe nafasi ya nusu mita pembeni. Tuta likifungwa kutoka ukingo hadi ukingo, mchuuzi wa mayai anaona heri azunguke katikati ya barabara kutafuta pahala lilipolika. Na mbele ya kila skuli gari ziende kilomita 30 kwa saa, kibao kiwepo, na askari awepo angalau saa ya watoto kuingia na kutoka.

Kwa barabara zilizokwisha kujengwa, kuna kazi ambayo haihitaji mkopo wala mkandarasi kutoka nje. Kabla ya masika, kifusi kimwagwe kwenye ngazi hizi za ukingo, kishindiliwe mpaka kiwe sawa na lami, na majani yafyekwe. Vijana wa shehia wapo, majembe wanayo, masheha wanawajua. Wakilipwa kwa siku watafanya, na watafanya vizuri, kwa sababu ni wao wenyewe na wadogo zao wanaopita hapo.

Najua nitajibiwa kwamba bega ni gharama. Nina moja la kusema. Lami isiyo na bega haina pa kuegemea. Maji ya mvua yanakaa ukingoni, yanapenya chini yake, gari nzito inakanyaga pale palipolegea, na kipande kinamomonyoka. Masika yanayofuata kinamomonyoka chengine. Napita kila siku, kwa hiyo hili naliona kwa macho yangu: bega lilipo zima, na lami ni nzima, bega lilipochukuliwa na maji, lami imemeguka kama mkate wa mofa. Barabara iliyoanza na upana wa gari mbili inarudi kuwa ya gari moja na nusu, halafu inatafutwa fedha ya kuitengeneza. Anayejenga bega anailinda fedha aliyokwisha kuitumia.

Nitajibiwa pia kwamba baskeli zinapungua, vijana wote wamehamia bodaboda. Ni kweli kwamba bodaboda zimejaa, na kijana wa bodaboda naye anaangukia ngazi ile ile ya sentimita 14. Lakini mtoto wa miaka kumi na mbili hawezi kupewa bodaboda, wala mzee wa majani ya ng'ombe. Na sina hakika kama baskeli zinapungua kwa sababu watu hawazitaki. Ile ya jirani yangu iliyofunikwa kanga, je, imepungua kwa kutotakiwa?

Na sisi tuna makosa yetu, lazima niyaseme. Tunafunga ng'ombe pembeni mwa barabara kamba ikivuka lami. Tunatandaza majamvi ya karafuu pale pale mtu anapotaka kukanyaga. Wengi wetu tunapanda usiku bila ya taa, na baskeli inayokokotwa gizani haionekani mpaka gari imefika mgongoni. Skulini kwetu kila muhula natenga kipindi cha kuwafundisha watoto kupanda kwa mstari mmoja, kutazama nyuma kabla ya kukwepa shimo, na kubandika kitambaa cheupe nyuma ya keria. Sheha nimeshazungumza naye kuhusu ng'ombe, na amekubali kulisema msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Haya ni yetu na tutayafanya. Ngazi ya ukingo, mtaro ulio wazi na mchoro wa barabara ni vyako.

Kuna ombi moja la mwisho, nalo ni dogo. Kabla ya barabara yoyote ya kijijini kuchorwa, mtume mtu mmoja akae penye njia panda na daftari, kuanzia sala ya alfajiri mpaka saa tatu za asubuhi, siku ya skuli. Asihesabu gari peke yake. Ahesabu kila baskeli, aandike imebeba nini, na anayepanda ni mkubwa au mtoto. Kisha arudi jioni, saa kumi mpaka magharibi. Daftari hilo likiwekwa mbele ya wahandisi wako, naamini wao wenyewe watakuwa wa kwanza kuuliza bega liko wapi.

Mtu huyo akija upande wetu, asishuke kwenye gari akatazama na kuondoka. Aulizie kwa sheha, nami nitaitwa. Nitampa baskeli ya baba apande kutoka skuli mpaka kileleni pa kile kilima ninachokisomea dua, nitamfungia kwenye keria debe moja la mpunga ili aone mzigo unavyovuta, na mimi nitakuwa nyuma yake kwa miguu. Mipira ya breki nimeitia mipya juzi, na rula ninayo.

Wasalaam,

Mwalimu wa skuli ya msingi,
Wilaya ya Wete, Pemba